Barua za Zamani Zisiliwe na Mchwa

Katika nyumba nyingi lipo sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake barua zilizofungwa kwa kamba. Mwenye sanduku akifariki, barua hizo huchomwa pamoja na takataka. Ukurasa wetu wa afya una sababu ya kuziongelea.

Nchini Uganda, mwaka 1992, wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI walianzisha chama cha NACWOLA. Wakati huo dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijawafikia watu wengi. Katika miaka hiyo ya 1990 akina mama hao walianza kuwaandalia watoto vitabu vya kumbukumbu. Mama alibandika picha, akaandika mtoto alizaliwa wapi, jina lake lilitoka kwa nani, ndugu wa baba wanakaa wapi, na utotoni aliugua nini. Kazi hiyo iliwakalisha mama na mtoto pamoja, na maswali ya mtoto yakafika hatimaye kwenye ugonjwa wenyewe, na nani atamlea. Leo dawa zipo na wengi wanaishi miaka mingi, ila daftari la namna hiyo lafaa kila nyumba.

Tuanze na barua. Zisomeni pamoja na bibi au babu angali anakumbuka. Mstari mmoja tu, kwamba mtoto fulani amelazwa tena kwa maumivu ya mifupa, waweza kuwa dalili ya selimundu, ugonjwa unaorithiwa. Presha na kisukari pia huandama koo. Yaandikeni hayo kwenye ukurasa wake, mkamwonyeshe daktari.

Zipo barua za ugomvi wa shamba. Sisi tunaona zisitupwe, lakini mtoto wa miaka 8 asipewe.

Msipake gundi juu ya barua, wala msitumie selotepu. Hugeuka njano na kuacha doa. Kateni pembe za bahasha kuukuu, mzibandike kwenye daftari, kisha mchomeke humo ncha za barua. Nyuma ya picha andikeni majina kwa penseli, taratibu. Jua hufifisha wino, na unyevu huleta ukungu, basi daftari likae juu ya kabati, mbali na ukuta. Kabla ya yote, pigeni picha kila barua kwa simu, mwatumie na ndugu walio mbali.