Windows 10 imekwisha muda: ulipe, uhame au ununue nyingine?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure viraka vya usalama vya Windows 10. Hakuna kompyuta iliyozimika siku ile. Katika sekretariati (maduka ya kuchapa na kutoa kopi) za Bugarama, nchini Rwanda, ambako mtu aliyevuka mpaka kutoka Kamanyola, Kongo, hupanga foleni pamoja na mkulima wa mpunga na dereva wa lori la saruji, mashine ziliendelea kuchapa, kutoa kopi na kufungua Irembo, tovuti ya huduma za serikali, kama kawaida. Ndiyo maana wengi bado wanajiuliza: kuna haja gani ya kutumia pesa kwa kitu ambacho hakijaharibika?

Haja ipo, ila haimgusi kila mtu kwa kiasi kimoja. Kabla ya kuuliza bei, jiulize mashine inafanya kazi gani, na ni ipi kati ya kazi hizo haiwezi kuhamia kwingine.

Kilichokwisha ni nini

Windows 10 ilitoka Julai 2015, ikahudumiwa miaka kumi. Tundu la usalama litakalogunduliwa sasa halitazibwa kwenye mashine isiyo na mpango wa ziada. Microsoft imeahidi kwamba kinga yake ya virusi, Defender, itaendelea kupata orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Hilo linasaidia, lakini kumtambua mwizi ni jambo moja na kuziba tundu analopitia ni jambo jingine.

Windows 7 inatuonyesha mambo yanavyokwenda. Huduma yake ilikoma Januari 2020, na miaka mitatu baadaye Chrome nayo ikaacha kuihudumia, toleo la 109 likawa la mwisho. Kivinjari kikibaki nyuma, tovuti za benki na za serikali huanza kugoma moja baada ya nyingine.

Mwenye sekretariati ana hatari zaidi kuliko mtu wa nyumbani. Kila mteja huja na flashi iliyotoka kwenye mashine asiyoijua. Angalia pia folda ya vipakuliwa: imejaa picha za vitambulisho, pasipoti na vyeti vya kuzaliwa vya watu wasio ndugu zake. Kikivuja chochote, jina litakaloharibika ni la duka.

Soma namba, usisome kibandiko

Windows 11 inadai RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kimsingi huanzia kizazi cha 8, kilichotoka 2017. Hapo ndipo wanunuzi wa laptopu za mtumba wanapoliwa.

Kibandiko cha i7 hakisemi kitu. Tazama tarakimu zinazofuata: i7-6600U ni kizazi cha 6, haipiti. i5-7200U ni cha 7, haipiti. i3-8130U, ambayo wengi huidharau, ni cha 8 na inapita. Hata jina la laptopu si dhamana: ThinkPad T480 ziliuzwa nyingine zikiwa na prosesa za kizazi cha 8, nyingine cha 7, na kwa nje hazitofautiani. Mwambie muuzaji aiwashe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome jina la prosesa mwenyewe. Kisha andika tpm.msc uone kama toleo ni 2.0. Ikisema TPM haipo, usikate tamaa mapema, kwani mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS na fundi anaiwasha kwa dakika chache.

Njia na gharama zake

Tuchukue dola moja kwa faranga 1,450 za Rwanda.

*Windows 11.* Kama Windows 10 yako ni halali na mashine inapita, kupandisha ni bure. Utalipia data, kwa sababu faili lake linazidi GB 5. Kwa mwenye mashine kadhaa, lipakue mara moja, liweke kwenye flashi na litumie kwa zote. Leseni mpya ya toleo la Home ni dola 139, yaani faranga 201,550, kwa hiyo kwenye mashine ya zamani haina maana kuinunua. Na kama bado unatumia diski ya kuzunguka, weka SSD kwanza. RAM ya GB 4 itakubaliwa, lakini kazi itakwenda kwa kukokota. GB 8 ndiyo kiasi cha kufanyia kazi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kwa sababu viwanda vinakimbilia mahitaji ya akili mnemba, basi uliza bei ya siku mjini Kamembe kabla ya kumpa fundi ahadi.

*Kununua muda.* Mtu binafsi anaweza kupata viraka vya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, faranga 43,500. Malipo hayo yanahudumia hadi mashine kumi zilizo chini ya akaunti moja ya Microsoft. Ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, hulipi kitu. Toleo lako liwe 22H2. Andika winver ulithibitishe. Kwa kampuni na taasisi hesabu ni nyingine: dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu. Jumla ni dola 427, faranga 619,150, kwa mashine moja iliyochoka. Kwa koperative, mwaka wa kwanza unaweza kuwa na maana. Kufika wa tatu ni kutupa pesa.

*Linux Mint.* Ni bure, faili lake ni karibu GB 3, na toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029. Linafaa kwa prosesa zile Windows 11 inazozikataa. Irembo na barua pepe hufunguka kwenye kivinjari kama kawaida. Barua na wasifu wa kazi huandikwa kwa LibreOffice, ingawa faili la Word lenye majedwali linaweza kuhama mistari. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuliwasha kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote: jaribu printa, skana na Wi-Fi, ndipo uamue.

*Kreki na mlango wa nyuma.* Fundi atakwambia, "Hiyo mashine nitaipitisha tu." Kiufundi inawezekana, lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine isiyokidhi masharti, na matoleo makubwa ya kila mwaka utayaweka kwa mkono. Kreki, yaani programu ya kuiwezesha Windows bila leseni, ni mbaya zaidi: unaikaribisha programu ya mtu usiyemjua kwenye mashine yenye vitambulisho vya wateja. Rahisi huwa ghali.

EBM ndiyo inayoamua

EBM 2.1, programu ya RRA (mamlaka ya mapato ya Rwanda) ya kutoa risiti za kodi, hukaa ndani ya kompyuta na imeandikwa kwa ajili ya Windows. Ukihamia Linux bila mpango, kesho yake huna risiti. Kwa hiyo mfanyabiashara asimruhusu fundi kufuta diski kabla hajahifadhi data ya EBM na kuwauliza RRA utaratibu wa kuihamisha. RRA ina pia EBM ya kwenye simu, ambayo kwa duka dogo inaweza kuiachia kompyuta uhuru wa kuhama.

Nani achague nini

Mwanafunzi au mtu wa nyumbani mwenye mashine ya kizazi cha 7 kushuka chini: jiandikishe bila malipo kwenye mpango wa viraka wa hadi 13 Oktoba 2026, na muda huo ujizoeze Mint kwa flashi.

Sekretariati yenye mashine mbili au tatu: moja ifanye kazi ya EBM na malipo, na hiyo ndiyo iwe ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye Windows 11. Flashi za wateja zisiiguse kabisa. Zinazobaki ziwekewe Mint, zichape na kutoa kopi hadi zife zenyewe.

Mwenye mashine moja tu, inayotoa risiti za EBM na haipiti: huyu ndiye wa kununua nyingine. Hahitaji mpya ya kwenye boksi. Anahitaji ya mtumba yenye namba sahihi, SSD na RAM ya GB 8. Anunue kabla ya 13 Oktoba 2026, akiwa na nafasi ya kulinganisha maduka, kuliko kungoja ile ya zamani imgomee siku ya kutangaza kodi.