Mfupa Uliovunjika: Tusifanye Haraka Kufungua Plasta

Baadhi ya wazazi hutaka mtoto afunguliwe plasta mapema ili atawadhe vizuri. Tunawanasihi wasifanye hivyo.

Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) ameweka katika mfupa seli za ujenzi ziitwazo osteoblasti. Mfupa ukivunjika, kwanza damu huganda mahali hapo, kisha huota tishu laini kama gegedu, inayoshika pande mbili. Ndipo osteoblasti hutandika nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na madini ya kalsiamu na fosfeti yakaingia humo na kuzifanya ngumu. Baadhi ya seli hizo hubaki ndani ya mfupa ziliousimamisha, zikawa walinzi wake.

Kazi hii huchukua wiki kadhaa. Mfupa ukichezeshwa kabla ya wakati, huenda ukaunga kombo au usiunge kabisa.

Na dini ni nyepesi: mgonjwa aoshe sehemu iliyo wazi, apanguse juu ya plasta kwa mkono wenye maji, na kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, atayamamu pia. Plasta tumwachie daktari.

Wallahu a'lam.