Je, Wajua? Mfongo Una Milango Miwili
Lugha ya kompyuta ya Java ilipewa jina la kahawa, zao linalojulikana sana Old Moshi. Ila anayeitumia pamoja na Selenium, maktaba inayoendesha kivinjari bila mkono wa mtu, ajifunze kwa mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba: maji yakifunguliwa juu mlimani, kihamba chako, yaani shamba la nyumbani, hakilowi iwapo mlango wa chini bado umezibwa kwa mashina ya mgomba na udongo. Logi za Java, yaani kumbukumbu za programu inapofanya kazi, nazo zina milango miwili, logga inayopokea ujumbe na hendla ya skrini (ConsoleHandler) inayouonyesha, na kwa kawaida yote miwili huwekwa kiwango cha INFO. Ukishusha logga peke yake hadi FINE, kiwango chenye maelezo mengi zaidi, kusaka hitilafu, ujumbe wa FINE hauonekani kwenye skrini, nawe utailaumu kompyuta bure. Shusha na ConsoleHandler hadi FINE. Ukishapata kosa, rudisha INFO, kwani FINE hufurika.