Kanzu, Buibui na Saa ya Chumba cha Giza

Miaka mingi iliyopita, katika harusi ya jamaa yangu mjini Tanga, nilipiga filamu nzima ya nyeusi na nyeupe, na usiku ule ule, kwa pupa ya kutaka kuona nilichokipata, nikaisafisha nyumbani kwa maji ya bomba na kwa dakika zile zile zilizoandikwa katika karatasi ya maelezo, nikiamini kwamba neno lililokwisha kupigwa chapa halina haja ya kuulizwa tena. Filamu ilipokauka ilikuwa imekolea weusi kupita kiasi, na nilipoichapa, kanzu ya bwana harusi, ambayo darizi yake mamaye aliigharimia kwa miezi, ilitoka kama bamba jeupe lisilo uzi wala mkunjo. Karatasi haikusema uongo. Ilitaja maji ya nyuzi 20 za joto, na maji yangu, nilipoyapima kesho yake kwa majuto, yalikuwa nyuzi 28.

Filamu ni utando wa jelatini uliosheheni chembe ndogo mno za chumvi ya fedha. Nuru ya kamera huziachia chembe hizo athari isiyoonekana, na dawa ya kusafishia huzigeuza zilizoguswa kuwa fedha nyeusi, lakini haifanyi kazi hiyo kwa kiasi kimoja kila mahali. Palipopata nuru nyingi, kama kanzu katika jua la alasiri, huzidi kukolea kadiri dawa inavyokaa. Palipopata nuru haba, kama buibui lililo kivulini, humaliza mapema sehemu kubwa ya kilichopo, na dakika za nyongeza haziongezi kitu cha maana. Kwa hiyo mikunjo ya buibui huamuliwa na kamera wakati wa kupiga, na mikunjo ya kanzu huamuliwa na saa katika chumba cha giza. Anayetafuta dakika sahihi za kusafishia, hakika yake anatafuta namna ya kuziweka kanzu na buibui katika karatasi moja bila ya moja kuidhulumu nyingine, na sijui mtihani wa upigaji picha ulio mgumu kuliko harusi ya pwani.

Jambo hili lilitafutiwa elimu zamani. Mwaka 1890 Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield, mwanakemia na mhandisi waliofanya kazi katika viwanda vya Widnes, Uingereza, walitangaza vipimo vyao vya uhusiano wa nuru na weusi wa negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, na mstari uliopinda waliouchora ndio ambao mpaka leo watengenezaji wa filamu huutumia kuzieleza bidhaa zao. Baada yao Alfred Watkins wa Hereford alileta njia ambayo mimi naistaajabia kwa wepesi wake. Alilitazama bamba la kioo ndani ya dawa kwa mwangaza mwekundu, akahesabu sekunde hata alama ya kwanza ya picha ilipochomoza, kisha akazizidisha sekunde hizo kwa namba maalumu ya dawa ile: ya haidrokwinoni ilikuwa takriban 5, na ya metoli takriban 30. Picha ikichomoza katika sekunde 20 ndani ya metoli, kazi ingekwisha kwa dakika 10. Uzuri wa njia hii ni kuwa joto likizidi, picha huchomoza mapema zaidi na hesabu nzima hufupika pamoja nayo, hata mtu asiye na kipimajoto aliweza kukaribia usawa. Laiti ingalitufaa na sisi! Lakini filamu zetu za leo aghalabu huziona rangi zote, na nyekundu ikiwamo, hivyo sharti zisafishwe gizani au katika tangi lisilopenya nuru, na jicho limenyang'anywa ushahidi wake. Ndipo tukaachiwa saa, kipimajoto na majedwali.

Majedwali hayo siyadharau, maana walioyatunga walipima kwa idili. Kampuni ya Ilford huagiza kwamba filamu ya HP5 Plus ikisafishwa kwa dawa ya ID-11 isiyozimuliwa ikae dakika 7½ katika nyuzi 20. Dawa ikizimuliwa kwa maji kiasi sawa, dakika 13. Na kwa maji mara tatu, dakika 20. Lakini kila namba ya jedwali ina masharti yaliyofungamana nayo. Ilford hutaka tangi lipinduliwe mara nne katika sekunde 10 za kwanza za kila dakika, ilhali Kodak huagiza mtikiso kila nusu dakika. Taa ya mashine ya kukuzia picha nayo ina neno, kwa kuwa yenye lenzi za kukusanya nuru huzidisha ukali wa weusi na weupe, na negativu yake hupenda dakika pungufu. Tena filamu yaweza kubaki na jina lake na umbo lake likageuka: mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kodak ilipohamishia kazi katika mitambo mipya, filamu yake ya Tri-X iliandikiwa nyakati mpya, na kitabu cha zamani, hata kiwe cha bingwa, hakimfai tena anayeitumia. Amma namba inayopokezanwa kwa midomo, isiyotaja dawa ilizimuliwaje, joto lilikuwa nyuzi ngapi, wala tangi lilitikiswa vipi, rai yangu ni kuiacha.

Na sisi wa mwambao tuna shida yetu. Kwa kukisia, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hutaka muda upunguzwe kwa sehemu moja ya kumi, hivyo dakika 7½ za nyuzi 20 hushuka hadi tatu na kitu katika nyuzi 28. Muda ulio chini ya dakika tano ni wa hatari, maana sekunde za kumimina na kumwaga huwa sehemu kubwa ya hesabu yote, na filamu hutoka na mabaka. Vitabu vya kale vilivyoandikiwa nchi za joto viliagiza dawa itiwe salfeti ya sodiamu ili jelatini isivimbe ikalainika. Filamu za sasa ni ngumu zaidi, na njia nyepesi ni mbili zikitumiwa pamoja: kuizimua dawa ili muda urefuke, na kuliweka tangi na chupa zote katika beseni lenye barafu kidogo, usiku, mpaka joto lishuke kwa nyuzi mbili tatu na kutulia hapo. Sipendi kupigania nyuzi 20 Tanga katika mwezi wa Februari. Barafu huyeyuka kazi ikiwa nusu, na joto linalopanda njiani ni baya kuliko joto kubwa lililotulia.

Kipimajoto changu cha zamani, nilipokitia katika barafu iliyopondwa na maji safi, kilionyesha nyuzi 1 badala ya sifuri. Sikukitupa. Kosa lake nalijua na halibadiliki, na kwa kazi hii kosa lisilobadilika hudhuru kidogo kuliko vipimajoto viwili vizuri visivyopatana.

Hatimaye nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya harusi ile. Nilitundika kanzu na buibui kwenye kamba moja uani, nikapiga filamu nzima ya mandhari hayo tu, bila kugeuza kipimo cha nuru. Kisha nikaikata gizani vipande vitatu, nikakisafisha kimoja kwa dakika za jedwali zilizosahihishwa kwa joto, cha pili kwa muda uliopungua sehemu moja ya tano, na cha tatu kwa uliozidi kiasi hicho hicho. Vilipokauka niliviweka juu ya gazeti: kipande ambacho maandishi yalisomeka kwa shida kupitia mahali peusi kabisa, yaani kanzu, ndicho kilichochapika kwa urahisi, na kilikuwa kile cha kwanza.

Katika daftari langu ukurasa huo bado upo, una doa la dawa pembeni: HP5 Plus, ID-11 kwa maji sawa, nyuzi 26, dakika 7, kupindua mara nne kila dakika. Chini yake nimebandika picha ndogo ya ile kanzu kambani, na darizi ya shingoni yaweza kuhesabiwa mshono kwa mshono.