Kutembea mwendo mmoja au kupanda mlima kwa vipindi: kipi kinamfaa mwenye kiribatumbo?

Msikilizaji, kiribatumbo ni unene uliopitiliza. Mtu mzima mwenye urefu wa sentimita 160 akifikisha kilo 77, tayari amefika huko. Wengi bado tunauita unene huo afya, kumbe huleta shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo.

Mazoezi ya kuukabili yako ya aina mbili. Ya kwanza ni mwendo mmoja: unatembea haraka nusu saa au zaidi bila kubadili kasi, unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Ya pili ni ya vipindi: unakazana mpaka maneno yanakatika, unapunguza, kisha unarudia. Mpango mmoja uliojulikana sana ulitoka Trondheim, Norway: dakika 4 za kukazana, dakika 3 za taratibu, mara 4. Huko wanatumia mashine za kukimbilia. Sisi wa Kasulu na Kibondo tuna milima. Panda kwa nguvu, shuka polepole.

Tafiti zilizolinganisha njia hizi kwa watu wanene zinaonyesha mafuta ya mwili na kiuno hupungua karibu sawa. Vipindi huchukua muda mfupi zaidi, na huongeza zaidi uwezo wa moyo na mapafu. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali.

Lakini usikimbilie mlimani kesho asubuhi. Presha inaweza kuwa juu bila dalili yoyote, na magoti ya mtu mzito huumia haraka. Pima kwanza presha na sukari kwenye zahanati au kituo cha afya. Kwa maoni yetu, anza na mwendo mmoja kwa wiki kadhaa, halafu ongeza mlima mmoja. Kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, acha na uende kituoni.

Anayelima kwa jembe tangu alfajiri ameshafanya mazoezi. Tunawasemea zaidi wanaoshinda dukani na ofisini, na wanaopanda bodaboda hata kwa safari ya dakika kumi.

Mazoezi peke yake hupunguza kilo chache, kama ugali na mawese havijapungua kwenye sahani. Hata hivyo presha na sukari zinaweza kushuka wakati kilo zimegoma. Kwa hiyo usitegemee mzani tu: rudi upimwe, na zungusha kamba kiunoni uifunge fundo, uilinganishe baada ya miezi mitatu.