Matofali Yake, Sebule Yenu

Hebu vuta picha. Ijumaa jioni, wageni wako njiani. Umepika, umepanga mito ya makochi, sebule inanukia udi. Halafu macho yanatua juu ya meza ya TV: meli ya matofali ya LEGO, ndefu kuliko meza yenyewe. Unaisogeza kidogo tu upate pa kuweka glasi. Pwaa! Vipande sakafuni. Mwenzio anatoka chumbani, uso umebadilika. "Miezi miwili ya kazi hiyo!" Nawe unajibu, "Si midoli tu?" Usiku umeharibika.

Ukweli ni kwamba mnachogombania si meli. Mmekosa rafu.

Usiseme "midoli tu"

LEGO ilianza Denmark mwaka 1932, lakini siku hizi inatengeneza seti nyingi kwa ajili ya watu wazima. Titanic iliyotoka 2021 ina vipande 9,090. Si mchezo! Ukimdharau mtu anayepumzisha akili hivyo baada ya kazi, umedharau mapumziko yake. Na wewe mwenye matofali, usijisahau: sebule ni ya wawili.

Pima kwanza, lipa baadaye

Wengi wananunua kabati zuri dukani, wakifika nyumbani seti haiingii. Chukueni tepu mpime pamoja. Ile Titanic ina urefu wa sm 135 lakini upana wake ni sm 16 tu, kwa hiyo inataka rafu ndefu nyembamba ukutani. Millennium Falcon ya 2017 ni kinyume chake: sm 84 kwa 56. Rafu ya vitabu haiiwezi. Itafutieni meza pana. Mnara wa Eiffel wa 2022 una kimo cha sm 149, huo mpeni kona yake chini.

Zile nyumba za mtaani zinazopangwa ubavu kwa ubavu hukaa juu ya bamba la sm 25.6 kila upande. Ndiyo maana wakusanyaji wengi wa Ulaya wanaipenda rafu ya BILLY ya IKEA, yenye kina cha sm 28. Wewe mwambie fundi wako wa Keko akutengenezee kina cha sm 30, na mbao ziwe za kupandishwa na kushushwa. Seti ya mwakani hamuijui kimo chake.

Vumbi, jua na uzito

Rafu ya wazi ni rahisi, lakini mtafuta vumbi kila wiki kwa brashi laini. Kabati la vioo ni ghali zaidi, ila linawapunguzia kazi, na mtoto wa jirani hafikii. Lisikae mkabala na dirisha: jua hugeuza matofali meupe kuwa ya njano. Ubao mrefu uwe na nguzo katikati usije ukapinda, na kabati lifungwe ukutani kwa skrubu. Seti ikichafuka sana, ivunjeni mwoshe vipande kwa maji yasiyozidi nyuzi 40.

Sasa kaeni mkubaliane

Kabla fundi hajaanza kukata mbao, malizeni mambo manne: rafu itakaa wapi, nani atafuta vumbi, bei halisi ya seti ni ngapi (ndiyo, itaje!), na rafu ikijaa itakuwaje. Kanuni nzuri ni hii: ikiingia mpya, moja inavunjwa na kurudi kwenye boksi. Haijapotea, itajengwa tena.

Na mwenye matofali, acha ubao mmoja kwa ajili ya mwenzio. Picha za harusi, maua, vitabu vyake, chochote apendacho. Mgeni akiingia aone nyumba ya watu wawili.

Wikiendi hii tafuteni tepu. Mmoja ashike huku, mwingine kule.