Mapafu yenye makovu: Dawa pekee haitoshi

Je, msomaji, umeambiwa na daktari kwamba mapafu yako yana makovu? Pengine sasa ukipanda ngazi za ghorofa moja tu unabaki ukihema, na watu wa nyumbani, kwa kukuhurumia, wamekukataza hata kufua shati lako. Huruma hiyo yaweza kukudhuru.

Makovu ya mapafu huletwa na mambo mengi, yakiwemo kifua kikuu hata baada ya kupona, vumbi la mawe ya machimbo na ugonjwa wa baridi yabisi. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Mapafu hukakamaa, na oksijeni ikawa inaingia kwenye damu kwa shida.

Kwa aina isiyo na chanzo kinachojulikana, dawa zilizopo ni pamoja na pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka wa 2014. Hizi hupunguza kasi ya makovu kuenea. Haziyafuti, wala hazirudishi nguvu za miguu. Makovu ya kifua kikuu cha zamani nayo hayatibiwi kwa dawa hizo.

Hapa ndipo mazoezi yanapohitajika. Misuli isiyotumika hudhoofika, na misuli dhaifu huchoka upesi. Hivyo unahema zaidi, unaketi zaidi, na unazidi kudhoofika. Mazoezi hayaondoi kovu hata moja, lakini huiwezesha miguu kufanya kazi zaidi kwa pumzi ile ile uliyo nayo.

Usianze kabla ya kupimwa. Mtaalamu wa viungo atapima umbali unaoweza kutembea kwa dakika 6, kisha akupangie mazoezi mara 2 au 3 kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 12: kutembea mahali tambarare, kuinuka kitini na kuketi, na kuinua chupa za maji. Ukishindwa kutamka sentensi fupi, pumzika. Kipimo cha kidoleni kikionyesha oksijeni chini ya asilimia 88, simama na umweleze mtaalamu wako. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au ukitema damu, nenda hospitali mara moja.

Baada ya wiki hizo endelea nyumbani, kwani ukiacha, faida hupotea. Dawa nazo usiziache bila ushauri wa daktari. Viwili hivi huenda pamoja.